Jasho la Kipa

Jumatatu, 10 Juni

Timu ya taifa imefikia hotelini kwetu! Ghorofa yote ya pili ni yao. Mashindano ya mataifa yanachezwa hapa nchini, tumeingia nusu fainali, na kuanzia leo jezi za wanaume hao zinafuliwa na mikono hii hii inayoandika. Miaka ishirini na moja nimefua mashuka ya wafanyabiashara na ya maharusi. Sasa taifa limenijia na soksi zake.

Lakini hakuna tamu isiyo na shubiri. Saa nne Mama Meneja katuita ofisini, mimi na Mikunjo. Mikunjo ni mkuu wa chumba cha pasi. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu ya uso wake, si kwa sababu ya kazi yake. Mama Meneja akasema ukuta ulio kati ya chumba changu cha kufulia na chumba cha pasi utavunjwa mwisho wa mwezi. Chumba kimoja, meza moja, mkuu mmoja. Mashindano yakiisha atawauliza wachezaji nani kawahudumia vizuri zaidi. Huyo ndiye atakayekalia meza. Mwingine atakuwa chini yake.

Chini yake! Chini ya Mikunjo!

Mafahali wawili hawakai zizi moja, hilo nalijua. Lakini huyu hata fahali si. Ni mbuzi mwenye pasi. Tulipotoka akanipigapiga begani, akaniita kaka mkubwa, akaniambia nisiwe na wasiwasi, akishakuwa mkuu ataniwekea kiti karibu na dirisha, maana wazee wanahitaji hewa. Nina miaka hamsini na miwili tu!

Mpango wangu ni kuwahi. Pasi haiwezi kupita juu ya nguo ambayo haijafuliwa. Sitasubiri vikapu viteremshwe. Nitapanda mwenyewe vyumbani wakiwa mazoezini, nichukue nguo, nizirudishe zinang'aa kabla hawajajua kuwa zilikuwa chafu.

Nimemweleza mke wangu. Kaniuliza, nguo ikichukuliwa mwenyewe hajui, huko kunaitwa kufua au kuiba? Mke wangu ni fundi cherehani. Watu wa cherehani hawaelewi mambo ya maji.

Jumanne, 11 Juni

Ushindi mkubwa leo!

Saa tatu timu imeondoka kwenda mazoezini, saa tatu na dakika mbili niko ghorofa ya pili. Nilipofika chumba namba 214, cha Kipa, nikakuta juu ya kiti mfuko wa kitambaa. Ndani yake fulana moja ya ndani. Rangi ya machicha ya chai. Harufu yake ilinifanya nigeuke kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Na imefungwa fundo!

Sasa, kwetu fundo lina maana moja tu, tangu enzi za mkuu wa kwanza wa chumba cha kufulia. Nguo iliyofungwa fundo ina doa sugu. Usiitie kwenye mashine, ishughulikie kwa mkono. Wapishi hufunga hivyo aproni zao, wahudumu wa vyumba hufunga hivyo mashuka. Nikastaajabu. Kipa wa taifa, mtu maarufu vile, anajua desturi ya madobi! Kaniachia mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima.

Sikumwangusha. Nimeiloweka kwenye maji ya moto. Dawa ya madoa mara mbili. Nimeichemsha nusu saa kwenye sufuria kubwa, nikaisugua kama ninayemkogesha mtoto aliyeanguka matopeni, nikaitia kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu kabisa. Imetoka nyeupe kama jino la kwanza. Imepungua kidogo, lakini pamba ikifurahi hujikunyata. Kesho nitampelekea mwenyewe mkononi, Mikunjo asipate hata kuigusa.

Nimeipima ile meza kwa macho. Itatosha na picha ya mke wangu.

Jumatano, 12 Juni

Maji yamenifika shingoni.

Asubuhi nilikuwa nasubiri lifti, fulana mkononi, imekunjwa vizuri kama barua ya posa. Pembeni kuna meza ya magazeti. Ukurasa wa mbele: picha ya Kipa, na mkononi ameshika fulana yenye fundo. Anasema haijafuliwa tangu miaka minane iliyopita, siku alipolidakia taifa penalti yake ya kwanza. Fundo ndilo linaloifungia bahati isitoke. Hulifungua chumba cha kubadilishia nguo tu, mechi inapoanza. Mechi nne za mashindano haya hajafungwa hata bao moja.

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa sakafuni, na sikumbuki nilikaaje.

Saa sita wamerudi kutoka mazoezini, na saa sita na robo Kipa alikuwa anapita koridoni akigonga mlango mmoja mmoja. Mtu mrefu, kichwa kinagusa taa. Nilitegemea atakuwa na hasira. Hasira ningeiweza. Lakini yule hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Kamwambia Mama Meneja kwamba bila fulana ile hatasimama golini Ijumaa, na kipa wa akiba ana umri wa miaka kumi na tisa na amevunjika kidole.

Mama Meneja katukusanya sote. Amesema aliyeichukua airudishe. Akimkamata yeye kwanza, mtu huyo asahau meza, asahau na hoteli, atatoka getini bila hata barua ya kumtambulisha kwingine.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mikunjo akageuka kunitazama, kwa ule utulivu wake wa mtu anayesubiri pasi ipate moto. Nikaufunga.

Mchana kutwa nimefikiri. Fulana haiwezi kurudi nyeupe. Basi irudishiwe uchafu wake! Nilianza na chai. Rangi ikakubali, lakini ikanukia kifungua kinywa. Hapana. Kinachotakiwa ni jasho, jasho la miaka minane, na nina siku moja na nusu. Jasho la nani? Mtu hawezi kwenda kuazima.

Ni langu tu.

Alhamisi, 13 Juni

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mara nyingine kikulacho ndiyo nguo yenyewe.

Saa ya chakula nimejifungia chooni nikaivaa. Imeingia kwa vita. Kitambi changu kiliipokea kama mgeni asiyetakiwa. Juu yake nikavaa sare. Kisha ngazi: kutoka chumba cha kufulia hadi paani ni ngazi tisini na sita. Nimepanda na kushuka mara kumi na moja. Mara ya tatu niliona nyota. Mara ya saba nilimwona marehemu babu yangu, ananitikisia kichwa. Lakini jasho lilikuwa linatoka la kweli, la kizalendo.

Mara ya tisa nikakutana na Mikunjo ghorofa ya nne. Kauliza kama lifti imeharibika. Nikasema daktari kaniagiza. Kauliza daktari gani anayetibu watu kwa kuwaua. Kisha akavuta hewa puani, polepole, akanitazama kuanzia shingo hadi kiuno. Mtu huyu akinyamaza ni hatari kuliko akisema.

Saa tisa, balaa. Mama Meneja katangaza upekuzi wa makabati na mikoba yote, sasa hivi, hakuna kutoka. Nikakimbilia chooni niivue niitupe dirishani. Nikainua mikono. Fulana ikapanda hadi masikioni, ikakataa. Haipandi, haishuki. Nimesimama humo kama mtu anayeporwa, nusu uchi, namsikia Mama Meneja akifungua kabati langu upande wa pili wa mlango. Nikaivuta chini kwa nguvu zote, nikafunga vifungo vya sare hadi kooni, nikatoka nikitabasamu.

Kabatini kwangu hakuna kitu. Kabatini kwa Mikunjo wamekuta vining'inizo vya nguo kumi na viwili, mali ya hoteli. Kasema anavifanyia utafiti.

Ningeifurahia saa hiyo kama Mama Meneja asingesimama kando yangu na kuuliza ni harufu gani hii. La kuvunda halina ubani. Nikajibu kwamba nadhani ni bomba la maji machafu. Akamwita fundi bomba! Fundi bomba kaja na spana yake, kafuata pua yake kando ya ukuta, hatua kwa hatua, hadi mbele yangu. Akanitazama kwa huruma. Akamwambia Mama Meneja kwamba tatizo halipo kwenye bomba. Akaniambia na mimi, chinichini, kwamba shemeji yake alikuwa hivyo hivyo na akapona.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Nimeinua mikono mlangoni nikamwambia mke wangu anivue. Kavuta. Akasema ngoja alete sabuni, itateleza. Nikapiga kelele hadi majirani wakatoka: sabuni hapana! Sabuni ndiyo iliyotufikisha hapa! Mwishowe tumetumia mafuta ya kupikia. Ilihitajika nguvu ya mke wangu, ya mteja wake aliyefuata gauni, na ya nguzo ya mlango. Ilipotoka, mteja kamuuliza mke wangu kama ni ugonjwa. Mke wangu kasema ndiyo, wa kuzaliwa nao.

Kisha kanishauri, kwa upole kabisa, baba watoto, nenda kesho ukamwambie yule kijana ukweli. Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Hapana.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya nusu fainali. Naandika vidole vikiwa bado baridi.

Saa mbili nimepanda na taulo safi, fulana chini ya taulo. Rangi sawa, harufu zaidi ya sawa, mafuta ya kupikia yameipa uzito wa kihistoria. Fundo nimelifunga kama lilivyokuwa. Kipa alikuwa kwa kocha. Nikaisukuma chini ya mto wa kiti chake, pindo lake likachungulia kidogo, nikatoka. Mpango: nihesabu hadi mia, nirudi, niikute kwa mshangao mkubwa mbele yake. Mshangao nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo.

Nilikuwa nimefika sitini na nane Mikunjo alipoingia na jezi zilizopigwa pasi, Kipa nyuma yake.

Nimeyaona yote kwenye upenyo wa mlango. Mikunjo kaweka jezi kitini. Kaliona pindo. Kaivuta. Kipa kapiga magoti! Kaibusu fulana, kambusu Mikunjo, kamwinua juu kama kombe. Na Mikunjo, akiwa huko juu, kaniona mlangoni. Akanikonyeza.

Saa kumi mechi. Sisi wafanyakazi tumeitazama kwenye televisheni ya chumba chetu cha chakula, watu thelathini, viti kumi na viwili. Mtangazaji kasema Kipa kalalamika chumba cha kubadilishia kwamba nguo zinambana na anahisi amenenepa. Watu wakacheka. Mimi nikaacha kumeza.

Dakika ya kumi na tisa wapinzani wakapiga shuti la juu. Mpira wa kawaida, mpira ambao Kipa yule huudaka akiwa anapiga miayo. Akainua mikono. Mikono ikafika masikioni, ikagota. Mpira ukapita juu ya vidole vyake, taratibu, kama unaaga.

Bao.

Nchi nzima iliuliza kwa sauti moja kwa nini hakuinua mikono. Mtu mmoja tu alijua, na alikuwa anatazama chini ya kikombe chake. Mpishi mkuu akalia. Mama Meneja akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Nilijaribu kumwomba Mungu, nikaona aibu. Ningemwambia nini, na anajua kila kitu?

Dakika ya themanini na moja tukasawazisha. Chumba kikaruka, mimi nikabaki nimekaa, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu: muda wa nyongeza, kisha penalti. Penalti! Na mtu mwenye mikono inayoishia masikioni!

Tatu zao za kwanza ziliingia, na tatu zetu pia. Alikuwa akiruka kama mtu aliyefungwa kamba. Ya nne, mpigaji akalenga juu kulia. Kipa akaruka. Nikaona, naapa nikaona kabla ya kamera, kitu kinachanika. Kutoka chini ya jezi pakatoka kipande cha kitambaa, kikaning'inia nyuma yake kama mkia. Na mkono ukaenda! Ukapita sikio, ukapita kichwa, ukaenda hadi pembeni ya mwamba. Kaudaka! Sisi tukafunga ya nne. Na ya tano yao akaipangua kwa ngumi.

Tumeingia fainali! Nimekumbatiana na Mikunjo kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 15 Juni

Mdomo uliponza kichwa. Wangu.

Saa tano Kipa kashuka chumba cha kufulia, na Mama Meneja kando yake. Mkononi fulana, imechanika ubavu wote wa kulia. Mikunjo na mimi tukasimama wima.

Kipa kaanza kwa upole. Amesema ameivaa fulana ile miaka minane, anaijua harufu yake kama anavyoijua sauti ya mama yake. Jana alipoivaa, harufu ilikuwa ya mtu mwingine. Akachanganyikiwa, ndiyo maana akafungwa. Lakini baadaye, kwenye penalti, akaelewa: bahati ya zamani imekwisha, hii ni mpya, ya huyu mtu. Hana kinyongo naye. Anamwomba tu ajitokeze, aendelee kutoa jasho humo hadi fainali ya Jumanne. Akashusha sauti, akasema, wakubwa zangu, nisaidieni, mimi peke yangu sitaweza.

Nilikuwa bado napima maneno Mikunjo akapiga hatua moja mbele. Akasema ni yeye.

Yeye! Akasema aliikuta imeanguka koridoni, imepoteza joto, akaivaa kuilinda, kwa mapenzi ya nchi. Akainamisha kichwa. Mama Meneja akamtazama kwa macho ya mama mzazi, akasema moyo wa namna hii ndio unaotakiwa kwa mkuu wa chumba.

Niliamua kunyamaza. Kukaa kimya, kwisha. Nihesabu hadi kumi. Nikafika nne.

Nikasema jasho lile ni langu! Lote, tone kwa tone, ngazi elfu na zaidi! Nikamwambia Kipa ampe Mikunjo aivae, tuone. Mikunjo kavaa, mtu mwembamba kama kining'inizo chake cha wizi, fulana ikamwanguka begani. Nikaivaa mimi. Mbele pale kwenye tumbo ilikuwa imetanuka duara kamili, na duara lile likakaa juu ya kitambi changu kama kifuniko juu ya chungu chake. Kipa akasogea, akanusa, akapiga makofi. Nikainua mikono yote miwili juu. Sikuwahi kushinda kitu mbele ya watu maishani mwangu.

Mama Meneja yeye hakupiga makofi. Kauliza, kwa sauti ya chini kabisa, imekuwaje fulana iliyomtosha Kipa miaka minane ikampasukia jana.

Angeuliza swali jingine lolote ningekana. Lakini lilikuwa swali la kitaalamu. Nikamweleza kwamba pamba kuukuu haistahimili kuchemshwa zaidi ya dakika ishirini, na dawa ya madoa ikirudiwa mara mbili hulegeza nyuzi, hasa mtu akiikausha kwa moto wa juu. Nilikuwa nimefika kwenye namna ya kupanga joto la mashine nilipogundua kuwa Mikunjo ameziba mdomo kwa mkono.

Hukumu: meza ni ya Mikunjo, kuanzia leo. Mimi ningetolewa getini, ila Kipa kaniombea. Jasho langu linahitajika hadi Jumanne. Nisikanyage tena ghorofa ya pili. Na kila siku saa ya chakula nipande ngazi mara kumi na moja nikiwa nimevaa fulana, mkuu wangu mpya akisimamia.

Mke wangu kaishona, kaongeza kipande ubavuni. Hajanicheka. Kasema tu amefurahi kuona kazi ya cherehani imeheshimiwa.

Jumapili, 16 Juni

Mikunjo anasimama ghorofa ya nne na filimbi. Sijui kaipata wapi. Nikipita anahesabu kwa sauti na kunihimiza, jikaze kaka mkubwa, taifa linakutazama. Saa nane nimemaliza. Mezani kwake ameweka ua la plastiki.

Nimekaa peke yangu kwenye mashine nikajipima kwa haki. Nimekosea wapi? Sitaki kujidanganya, katika umri huu mtu hana muda huo. Nimeona kosa langu waziwazi: nilifua nguo ya mtu wetu. Bahati ikatoka na maji, na nusura nchi iangamie. Hilo ni funzo, na funzo lisitupwe.

Sasa, wapinzani wetu wa fainali wamehamia hotelini leo asubuhi. Ghorofa ya tatu. Mama Meneja amenikataza ghorofa ya pili. Ya tatu hakuitaja. Nimeyarudia maneno yake yote kichwani, neno kwa neno, hakuitaja.

Mhudumu wa ghorofa hiyo, dada mmoja mpole, kaniambia mshambuliaji wao ana kofia kuukuu ya sufu. Ameiweka juu ya televisheni na hata vumbi lake haruhusu lipanguswe. Kauliza kwa nini nataka kujua. Nimemwambia ni kwa ajili ya taifa. Tukishinda Jumanne, ukweli ukajulikana, tutaona meza ni ya nani.

Wamekwenda mazoezini tangu saa tisa. Kofia ninayo hapa, kando ya daftari. Ndogo, haina hata uzito.

Naishia hapa leo. Maji yamechemka.